Mwaka wa Kusubiri Chuo Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Kujipanga kwa Pesa Kidogo

Kijana anayefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, akapokea matokeo Julai, kisha akakosa mkopo au nafasi ya chuo aliyoitaka, hubaki na karibu mwaka mzima wa kusubiri kabla milango ya udahili haijafunguliwa tena. Wapo pia waliopata nafasi lakini wakaahirisha masomo kwa kukosa ada. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, hasa wanaoishi Mwanza na vitongoji vyake, kuanzia Kirumba na Igogo hadi Buhongwa na Kisesa, ambao hawana ajira, hawana akiba, na wanaishi kwa wazazi au ndugu.

Wengi huanza mwaka huo kwa kujiuliza watapata wapi pesa. Kwa maoni yangu swali hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba pesa hiyo itahitajika tarehe gani na kwa jambo gani, kwa kuwa anayehangaika na vibarua miezi kumi bila kuangalia kalenda anaweza kufika Julai akiwa na fedha mfukoni na bado akakosa mkopo kwa sababu cheti kimoja hakijahakikiwa.

Hatua ya kwanza: anza na kalenda na nyaraka

Chukua daftari, andika miezi yote iliyobaki, kisha hesabu kurudi nyuma. Vyuo vikuu vingi hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba. Maombi ya udahili hufunguliwa kwa awamu kuanzia Julai, na tangu 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye chuo, huku Tume ya Vyuo Vikuu ikisimamia taratibu. Dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na ada yake ya maombi imekuwa shilingi 30,000. Tarehe hubadilika kila mwaka, hivyo usizichukue kwa jirani. Soma mwongozo wa mwaka husika unapotoka.

Kabla ya dirisha kufunguliwa kuna kazi ya nyaraka ambayo haihitaji fedha nyingi ila inahitaji muda. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na ikiwa mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Anayesubiri hadi Julai hujikuta kwenye foleni moja na waombaji wa nchi nzima, ilhali aliyefanya hivyo Januari amekwisha kupata majibu na kuyahifadhi. Linganisha pia majina yako katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mtihani na kitambulisho. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa humwandikisha mtoto shuleni kwa jina moja, na kwenye cheti kwa jina la babu, na tofauti hiyo hutatuliwa kwa hati ya kiapo au kwa marekebisho yanayochukua wiki kadhaa.

Kama umetimiza miaka 18 na huna namba ya NIDA, anza nayo wiki hii. Kitambulisho cha Taifa cha mara ya kwanza hakilipiwi, na bila namba hiyo huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako wala kufungua akaunti. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa ajili ya utambulisho. Nenda asubuhi, msalimie, jieleze wewe ni mtoto wa nani na unakaa wapi. Mwenyekiti anayekufahamu atakuwa na faida kwako tena utakapohitaji fomu ya mkopo kugongwa muhuri.

Aliyekosa mkopo asichukulie kwamba mlango umefungwa, kwa maana anaruhusiwa kuomba tena mwaka unaofuata. Jambo la kufanya sasa ni kutafuta sababu: je, kiambatisho kilikosekana, mdhamini hakusaini, au maelezo ya hali ya familia yalikuwa pungufu? Aliyesomeshwa na mfadhili anahitaji barua ya mfadhili huyo, na barua hiyo huwa rahisi kuipata leo kuliko siku ambayo mhusika amehama au amebadilisha simu.

Hatua ya pili: elewana na nyumba unayoishi

Matumizi makubwa ya kijana asiye na kazi ni chakula na malazi, na kwa bahati yote mawili kwa kawaida hubebwa na ndugu. Ndiyo sababu sishauri mtu mwenye mwaka mmoja wa kusubiri apange chumba. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, na fedha hiyo ingetosha maombi yote ya chuo na mtaji mdogo juu yake. Ikiwa ni lazima kupanga, vyumba vya juu kwenye miamba ya Mabatini au Igogo mara nyingi huwa nafuu kuliko vya kando ya barabara, lakini uliza kwanza maji yanafika vipi, kwa kuwa kupandishiwa ndoo kila siku hula ile nafuu yote.

Kuishi kwa ndugu kunahitaji mazungumzo ya wazi mapema, kabla manung'uniko hayajaanza. Mweleze mwenye nyumba mpango wako kwa heshima na kwa tarehe: "Shikamoo baba mdogo. Nimekuja kukueleza nilivyojipanga hadi chuo kitakapofunguliwa. Nitatafuta vibarua, na kila Jumamosi nitamkabidhi mama mdogo kiasi kidogo cha mboga. Siku nisipopata nitasema." Kiasi kinaweza kuwa kidogo mno. Wazee hutazama zaidi ile hali ya kutoa na kutimiza ahadi, na kijana anayetoa shilingi elfu mbili kila wiki hapewi jicho kama yule aliyeahidi elfu ishirini akanyamaza. Siku ambazo huna cha kutoa, chota maji, fagia uwanja, simamia kazi za shule za watoto.

Jikoni kuna nafasi ya kubana bila kushinda njaa. Nunua kwa sado au debe badala ya kupimiwa kwa kikombe dukani. Dagaa, maharage, ugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na viazi vitamu vya msimu hushibisha kwa bei ndogo kuliko wali na nyama. Ukiwa na ndugu Misungwi, Kwimba, Magu au Sengerema, kwenda kusaidia palizi au mavuno na kurudi na gunia la mahindi au michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) ni mshahara kamili hata kama hukupewa shilingi. Kwa upande wa Sengerema safari imerahisika tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Hakuna tena kusubiri kivuko pale.

Hatua ya tatu: kibarua cha kuanzia, na namna ya kugawa ujira wake

Pesa ya kwanza mara nyingi hutoka kwenye nguvu: saidia fundi kwenye ujenzi, kupakia na kushusha mizigo sokoni, kuosha vyombo kwa mama lishe, kuanika na kufunga dagaa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia mzigo. Kazi za aina hii hazitangazwi. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unamtafuta msimamizi, unajitambulisha, na unarudi kesho hata kama leo umekosa, mpaka sura yako izoeleke. Patana ujira kabla ya kugusa kazi, na ulizia utalipwa jioni hiyohiyo au mwisho wa wiki. Msimamizi anayesema "tutaangalia" mara nyingi ataangalia kwa faida yake. Katika kazi za ujenzi usipande juu bila kuwa na viatu vya kufunika mguu, kwani jeraha moja hufuta ujira wa mwezi.

Kando ya ziwa kuna hatari isiyoonekana. Maji ya kingo za Ziwa Victoria yana kichocho, na anayeingia mara kwa mara kushusha samaki au kuosha vyombo yumo hatarini. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, au ukihisi maumivu ya tumbo yasiyoisha, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ugonjwa huo una dawa, na kuucheleweshea matibabu ndiko kunakoharibu ini na kibofu.

Tuseme kijana anapata kibarua siku nne kwa wiki, kila siku shilingi 6,000. Hiyo ni 24,000. Anaweza kutoa 10,000 nyumbani, 4,000 nauli, 2,000 bando, 5,000 akiba ya maombi ya chuo na 3,000 akiba ya mtaji. Katika wiki thelathini akiba ya maombi peke yake inafika 150,000, na ya mtaji 90,000. Viwango vyako vitakuwa tofauti, na ziko wiki utakazopata siku moja tu ya kazi, lakini mgawo ufanywe siku ya kupokea, kabla ya kulala. Akiba ya maombi isikae kwenye simu unayonunulia bando kila siku. Kibubu kwa shangazi asiyetoa kwa urahisi kinafaa. Mchezo wa kupokezana chini ya kijumbe nao unafaa, mradi zamu yako ipangwe kuangukia kabla ya Julai; ukipangiwa zamu ya Septemba, mchezo huo si wako.

Hatua ya nne: biashara ya mtaji mdogo

Hapa nitakaa na dagaa, kwa sababu ndiyo biashara ambayo mkazi wa Mwanza ana nafasi nayo kuliko mtu wa Dodoma au Iringa, na kwa sababu wengi huiingia bila kuielewa.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta na kuwakusanya chini ya taa, kisha wavu unazungushwa. Mwezi unapokuwa mpevu nuru hutawanyika juu ya maji yote, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo bei hufuata mwezi: siku za giza mzigo ni mwingi na bei hushuka, siku za mbalamwezi mzigo huadimika na bei hupanda. Mwenye mtaji mdogo anapaswa kununua wakati wa giza na kubakiza akiba kidogo ya kuuza wakati wa mbalamwezi. Jambo la pili ni jua. Dagaa wanaovuliwa msimu wa mvua hukauka kwa shida, hubadilika rangi, na sehemu huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chini, hivyo miezi ya masika usinunue zaidi ya unachoweza kumaliza ndani ya siku chache.

Soko la Mwaloni Kirumba ndilo kitovu cha dagaa na samaki wakavu, na huhudumia hata wafanyabiashara wa Kongo. Usinunue siku ya kwanza. Zunguka, uliza bei ya sado, tazama wanaonunua kwa wingi wanakagua nini. Dagaa wazuri wana rangi ya fedha, hawana harufu ya mafuta yaliyochacha, hawavunjikivunjiki mkononi, na hawaachi mchanga kiganjani. Walioanikwa juu ya chanja ni safi kuliko walioanikwa ardhini na bei yao ni ya juu kidogo, lakini mteja wa nyumbani akipata mchanga kwenye mboga mara moja hakurudii.

Chukua sado moja kwa kuanzia, chambua, pakia kwenye vifuko vya fungu dogo, kisha uza mbali na soko, katika mitaa ya Buhongwa, Igoma au Kishiri ambako mama mwenye watoto hana muda wa kufika Kirumba. Hesabu ifanywe hivi, kwa bei za mfano: sado 12,000, nauli 1,400, vifuko 600, jumla 14,000. Ukipata mafungu kumi na saba ya shilingi elfu moja, faida ni 3,000. Ukisahau nauli na vifuko utadhani umepata 5,000, utakula 5,000, na baada ya safari chache utashindwa kununua sado nzima. Mitaji midogo mingi hufa kwa njia hiyo tu. Mikopo kwa wateja nayo iwe na kikomo: andika jina na kiasi, na mwenye deni la wiki iliyopita asiongezewe.

Samaki wabichi wana faida kubwa zaidi lakini siwashauri wanaoanza. Hawangoji, wanahitaji barafu, na sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Kijana anayetumwa kubeba mzigo wa samaki wachanga wa mtu mwingine ndiye anayekamatwa nao.

Anayetaka kuuza vitu vingine, kama mitumba ya soko la Mlango Mmoja au matunda, aulize kwanza halmashauri maeneo yaliyoruhusiwa kwa wafanyabiashara wadogo, kwa sababu bidhaa ikichukuliwa siku ya operesheni mtaji wote umekwenda.

Hatua ya tano: uza ulichosomea

Inashangaza jinsi wahitimu wa kidato cha sita wanavyosahau kwamba bidhaa yao kubwa iko kichwani. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, kwa hiyo kuanzia Januari wazazi hutafuta mtu wa kuwasimamia watoto jioni. Anza na watoto watatu au wanne wa mtaa mmoja, kwa Hisabati na Kiingereza, wakutane nyumbani kwa mzazi mmojawapo, sebuleni au barazani ambako watu wazima wanaona. Hilo hulinda watoto, na hukulinda wewe dhidi ya maneno. Malipo ya kila Ijumaa ni bora kuliko ya mwisho wa mwezi. Mzazi humudu kiasi kidogo, na asiyelipa hujulikana mapema. Mwoneshe mzazi daftari la mtoto kila wiki mbili, kwani hilo ndilo tangazo lako.

Kazi nyingine ni steshenari. Kati ya Julai na Septemba maduka ya kuchapa na kutoa nakala hujaa waombaji wa vyuo na mikopo, na mwenye duka huhitaji mtu anayejua kujaza fomu mtandaoni bila makosa. Wewe uliyekwisha kupitia mchakato huo una sifa. Jitolee siku chache Mei au Juni ili uzoee, kisha mpatane asilimia. Usihifadhi nywila ya mteja, na mkabidhi nyaraka zake zote kabla hajaondoka.

Miezi ya katikati, yaani Februari hadi Mei, inafaa kwa ujuzi wa mkono. VETA iliyopo Nyakato ina kozi fupi na ndefu, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo ambalo nalo lipo Nyakato, hutoa mafunzo ya kusindika vyakula, sabuni na kadhalika. Asiye na ada anaweza kukaa kwa fundi wa simu, umeme au ushonaji kwa makubaliano yanayoshuhudiwa na mzazi: muda gani, atafundishwa nini, na atalipwa lini atakapoanza kuzalisha.

Kuhusu ajira za maofisini, jisajili TaESA, huduma ya ajira ya Serikali, ambayo haimtozi mtafuta kazi. Halafu endelea na shughuli zako bila kungojea simu.

Mitego inayomaliza pesa ya msimu huu

Wa kwanza ni mikopo kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali. Tabia zake zinafahamika: kiasi kidogo, muda wa siku chache, tozo kubwa, na ukichelewa ujumbe wa kukudhalilisha hutumwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako. Asiye na kipato cha uhakika hana sababu ya kukopa kwa ajili ya kula. Mkopo wenye maana kwake ni ule usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao asilimia 4 yake ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Huo hutolewa kwa vikundi, unachukua muda, na huombwa kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ikiwa una uhakika wa kuondoka Oktoba usijiunge, maana utawaachia wenzako deni.

Wa pili ni mkeka. Sitatoa mahubiri, ninachosema ni kwamba shilingi elfu moja ya kubeti kila siku ni 30,000 kwa mwezi, yaani ada nzima ya kuombea mkopo.

Wa tatu ni kazi inayoanza kwa wewe kulipa. Anayekupa kazi akikudai pesa ya fomu, ya sare, ya mafunzo au ya "kujiunga" kisha uambiwe ulete marafiki, ondoka. Na usikubali kuweka kidole chako kusajili laini ya mtu mwingine hata kwa malipo, kwa kuwa uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utakutafuta wewe. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua ipeleke kwa mtandao husika ifutwe.

Miezi mitatu ya mwisho

Kuanzia Julai punguza biashara na uongeze usimamizi wa maombi. Jaza ya mkopo wiki ya kwanza ya dirisha, kwa kuwa siku za mwisho mtandao hulemewa na makosa hayarekebishiki. Omba vyuo ambavyo alama zako zinaruhusu, na angalau kimoja kiwe jirani, mathalani SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, ili pasipo mkopo wa malazi uweze kusoma ukitokea nyumbani. Ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja, thibitisha mapema na chuo kimoja.

Agosti kusanya madeni yote. Mzigo wa dagaa uliobaki uza kwa bei ya kununulia, usiuhamishie kwa mdogo wako kwa matumaini kwamba atakutumia faida. Wanafunzi wa tuisheni waachie kijana mwingine unayemwamini, mbele ya wazazi wao, na ikiwezekana kabla ya wiki za mtihani.

Fedha iliyokusanywa igawe mara tatu: nauli na mizigo, malipo ya awali ya chuo, na chakula cha wiki sita. Fungu la mwisho ndilo wengi hulisahau. Hata aliyepangiwa mkopo asitarajie bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, siku ya kwanza, maana kuna usajili, kuna kusaini, kuna akaunti kukamilishwa, na mwezi unaweza kupita kabla jina halijaonekana kwenye orodha ya malipo. Beba pia mchele na dagaa uliowachagua mwenyewe Kirumba, waliokaushwa vizuri na kufungwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu huko uendako utawanunua kwa bei ya juu na wenye mchanga.